Salamu kutoka kwa Marehemu Mkeo

Nyumbani, 3 Mei

Mwalimu,

Natumaini jicho lililopasuliwa linaendelea vizuri, hata kama bado halisomi maandishi, na la pili linangoja zamu yake kwa adabu. Mimi ni mzima, ila nyumba imeniasi. Bomba la jikoni linadondosha maji usiku na mchana. Mimi, niliyewavutia maji watu wa mji mzima, nimeshindwa na bomba moja la kuoshea vikombe. Nimebadilisha mpira wake, bado linanicheka.

Nina habari moja ndogo. Goti langu la kulia limezidi kunisumbua. Hospitali kuu wameanzisha utafiti wa tiba ya seli shina. Wanachota uboho kwenye mfupa wa nyonga, wanazichuja hizo seli, kisha wanazidunga mahali palipoharibika ili pajijenge upya. Nimejiandikisha. Si jambo la kukutoa huko kwa binti yetu.

Usinipigie simu. Nikiisogeza sikioni, kile kifaa changu cha kusikia kinapiga mluzi, na sauti yako naisikia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Niandikie. Mwambie mkwe akusomee barua hii polepole na asiongeze ya kwake.

Mumeo,
Mhandisi

*

Karakanani kwa mkwe, 10 Mei

(Shikamoo Baba. Mama anatoa imla kama yuko darasani, na ameniapisha nisibadilishe hata neno. Ukali utakaouona humu si wangu.)

Mume wangu,

Goti gani?

Nakuuliza tena, goti gani? Februari, kabla sijaja huku kutibiwa macho, ulipanda darini kukagua tangi. Ukashuka mwenyewe, ukapanda tena kwa sababu ulisahau tochi. Mtu mwenye goti bovu hasahau tochi.

Bomba mwite fundi. Najua hutamwita. Utalifungua, utaliita majina, utalifunga, na nitakaporudi nitakuta jikoni kuna bwawa.

Sasa tuyaache ya goti. Miaka miwili umehamia chumba cha vitabu, ati unakoroma. Umekoroma tangu tuoane na hakuna aliyekufa. Ulitoka hospitali baada ya kuondolewa ile tezi dume, nikakuogesha, nikakubadilishia mipira ya mkojo, hukuniona mgeni. Ulipopona ndipo ukahama na mto wako kwapani kama mpangaji aliyefukuzwa. Nikiuliza, unasema tusianze. Tusianze nini? Mkwe, weka alama ya kuuliza. Weka mbili.

Kama kuna mtu anayekukanda hilo goti, niambie. Nimechoka kubahatisha.

Mkeo

(Baba, mimi namwambia asipandishe presha. Ananiambia nishike kalamu.)

*

Nyumbani, 15 Mei

Mwalimu,

Hakuna mtu anayenikanda popote. Mambo haya ungeyasema mbele yangu, si mbele ya mume wa mtoto wetu, maskini wa Mungu aliyezoea kutengeneza friji kwa amani.

Umeuliza, nakujibu kitaalamu. Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi. Zikiwekwa mahali penye mishipa iliyochoka, huenda zikageuka kuwa kile kinachohitajika, au zikaziamsha zile zilizokuwepo. Nasema huenda. Waliotibiwa mpaka sasa ni wachache. Baadhi yao wamepata nafuu, na hakuna anayejua itadumu kiasi gani. Daktari mwenyewe hakunificha. Nimeamua kujaribu kwa sababu sipendi kukaa na mtambo uliosimama nikauangalia.

Goti nimesema ni la kulia.

Nami nikuulize. Daktari wa macho alisema ungekaa majuma matatu. Februari imepita, Machi imepita, Aprili imepita, na kila barua inasema jicho la pili bado halijaiva. Jicho ni embe? Kuna nini huko ambacho hapa hakipo? Niambie wazi, mimi si mtoto.

Mumeo,
Mhandisi

*

Karakanani, 21 Mei

Kwa mgane wangu,

Pole sana kwa kufiwa.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa hapa karakanani, katikati ya friji mbili zilizopasuliwa matumbo. Simu ya mkwe ikalia. Mikono yake ilikuwa na mafuta, akaiwasha kwa kiwiko, sauti ikatoka nje. Alikuwa muuguzi wa hospitali kuu. Amekutafuta kwenye simu yako husikii, akapiga namba ya ndugu uliyoiacha. Akasema uje Jumatatu, daktari ana majibu ya vipimo vyako. Kisha akasema, tena kwa upole, "Na poleni kwa msiba wa mama."

Mkwe akauliza, "Mama yupi?"

"Mke wa mzee. Si alifariki mwaka juzi?"

Mkwe akanitazama. Nikamwambia, "Muulize nilizikwa wapi."

"Samahani, huyo anayeongea ni nani?"

Nikamjibu mwenyewe, "Marehemu."

Binti wa watu akanipa shikamoo, nikamwonea huruma. Mkwe akajaribu kuokoa jahazi, akauliza kama hiyo ni kliniki ya magoti. Akajibiwa kwamba mambo ya mgonjwa hayasemwi kwenye simu, ila magoti wao hawayashughulikii kabisa.

Haya, Mhandisi. Umeniua, na goti halipo. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, uongo wa kila umri naujua. Kuna uongo wa woga na kuna uongo wa mipango. Mtu hamuui mkewe kwa mdomo bure. Ni nafasi inayotakiwa. Nani anaingia? Sikuulizi ili nije kupigana naye, macho yenyewe hayaoni. Nauliza ili nijue kama nirudi nyumbani au nimwambie binti yangu kitanda hiki ni changu moja kwa moja.

Jibu swali. Usinipige chenga.

Marehemu mkeo

(Baba, amelia. Daktari wa macho alimkataza kulia. Aliniambia hili nisiliandike.)

*

Hospitali kuu, Kitengo cha Utafiti, 26 Mei

Mzee wangu, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu jana nilipaza sauti ofisini kwangu hadi mlinzi akachungulia, na bado sina hakika ulinisikia. Uliitikia kila kitu kwa kichwa, kisha ukaniuliza sindano itakuwa lini. Hapatakuwa na sindano.

Kipimo cha damu kilichotakiwa kubaki chini kabisa baada ya tezi dume kuondolewa kimepanda, na tulipokirudia kimepanda zaidi. Picha zinaonyesha saratani imeingia kwenye uti wa mgongo na nyonga. Ule uchovu na yale maumivu ya mgongo uliyoniambia ni uzee, si uzee. Seli shina hatuwezi kuziweka kwenye mwili wenye saratani iliyo hai. Tunachotia ili kuamsha ukuaji hakina njia ya kujua kiamshe kipi na kiache kipi. Kwa hiyo unatoka kwenye utafiti wangu leo na unaingia kwenye kliniki ya wenzangu, ambao watakupunguzia maumivu na kujaribu kuipunguza kasi. Kuimaliza hawataweza. Uliniomba nisizungukezunguke, nami sijazunguka: tunazungumzia miezi.

Tafadhali usiende kwa wale wanaotangaza seli shina kwenye mabango. Nakuona ukiwaza hilo.

Jambo la mwisho. Utaratibu wetu unamtaka mwenzi wa mgonjwa aje ajibu maswali yake mwenyewe. Wasio na wenzi hujibu peke yao, na wewe ulituambia ni mgane. Nimearifiwa kwamba mama yu hai na ana sauti nzuri. Nimefurahi. Mwambie ukweli, mzee. Una umri wa baba yangu na sipendi kukufokea, lakini mambo haya huwa hayangoji.

Daktari wa utafiti

*

Nyumbani, 2 Juni

Mkwe wangu,

Nimetafuta mtu mwingine wa kunifikishia haya, sikumpata. Mama yako haoni, mimi sisikii, na katikati tumekusimamisha wewe. Msomee yote. Soma kwa sauti ya kawaida, kama unavyosoma maelekezo ya friji. Ukimaliza usiniulize kitu, na siku tukionana tuzungumzie mvua.

Mwalimu,

Hakuna anayeingia. Goti langu ni zima.

Walipoiondoa ile tezi, mishipa inayopita kando yake iliumia. Daktari alitueleza kabla, sote wawili, na nikaitikia kama mtu anayeambiwa maji yatakatwa saa chache. Sikujua kitu kinavyoweza kukatika. Baada ya kupona nilingoja. Hakuna kilichoamka. Nikanywa vidonge vya nguvu kwa siri. Kichwa kikanigonga na dunia ikawa buluu machoni, basi. Nikanunua ile pampu ya kuvutia hewa wanayouziwa wanaume kama mimi. Mimi, niliyefunga pampu za kupandisha maji mlimani, nilijifungia bafuni na kile kichezeo kikanishinda. Siku moja ulirudi sokoni mapema, ukauliza huo ni mlio gani. Nikasema natengeneza bomba. Ukaniambia nisimwage maji sakafuni.

Nilihama chumba kwa sababu kila ulipogeukia upande wangu niliona naulizwa swali nisilo na jibu. Ulikuwa unajigeuza tu, kama mtu yeyote anavyojigeuza. Lakini mimi nilibana pumzi hadi utulie. Mtu hawezi kulala miaka amebana pumzi. Nikasingizia kukoroma.

Kisha nikasikia habari za utafiti. Hizo seli walikuwa wanazidunga palepale unapopafikiria. Nilikuwa tayari. Wangesema wanazidunga kwenye jicho ningekubali. Ila walinipa karatasi ya maswali atakayoulizwa mwenzi: anaridhika kiasi gani, anakosa nini, ameona mabadiliko gani kwa mumewe. Nikakufikiria umekaa mbele ya yule daktari kijana ukiyajibu kwa sauti yako ya darasani, wazi, bila kupepesa macho. Niliogopa majibu yako kuliko sindano. Muuguzi akaniuliza, "Mama yupo?" Nikasema, "Alifariki." Lilitoka kwa wepesi ulionitisha. Akanipa pole, akaniletea maji ya kunywa. Nikayanywa.

Sina utetezi. Niliona aibu kukwambia sina nguvu, sikuona aibu kusema huna uhai.

Sasa lililobaki. Wamenikataa. Saratani imerudi, imo kwenye mifupa, na haiondoki. Naandika kitandani, nimepumzika kati ya aya hii na ile ya juu, ndiyo maana mwandiko umebadilika. Dawa za maumivu wamenipa na zinafanya kazi. Daktari anasema miezi, na mwili wangu unasema daktari ni mkarimu.

Sikuombi urudi kuniuguza. Muuguzi wa zamu anapita, jirani analeta uji. Naomba jambo moja nilijue kabla sijaondoka. Ulikaa huko kwa sababu mimi si mwanamume tena? Kama ndivyo, sema. Nimekudanganya kiasi cha kutosha. Sina haki ya kutaka unidanganye.

Mumeo, na si mgane

*

Karakanani, 8 Juni

(Shikamoo Baba. Nilisoma kama maelekezo ya friji. Karibu na mwisho nilishindwa, akanisubiri. Sasa amesema tuanze.)

Mume wangu,

Nimekasirika na sijui nianzie wapi. Nikikaa nakasirika, nikisimama nakasirika, mkwe anasema nimezunguka friji moja mpaka anahisi kizunguzungu.

Kwanza nijibu ulichouliza. Hapana. Nilikaa huku kwa sababu nikimsalimia mtu asubuhi ananijibu na kuniuliza nimelalaje. Ni hilo tu. Kule nilikuwa naishi na mlango wa chumba cha vitabu.

Sasa na mimi nina langu. Mkwe, andika, acha kukohoa.

Tangu siku zangu zilipokoma, lile jambo lilikuwa linaniuma. Sisemi lilinichosha, nasema lilikuwa linauma, kama kidonda kinachosuguliwa. Sikukwambia. Wewe ulikuwa na furaha yako, ukiamka unapiga mluzi bafuni, nikaona nitakuharibia. Nikawa nauma shuka nangoja umalize. Miaka, Mhandisi. Siku ile daktari alipotuambia upasuaji unaweza kuondoa nguvu zako, nilikushika mkono. Ulidhani nakufariji. Nilikuwa nashukuru. Mume wangu ana saratani, na mimi moyoni nasema asante, nitapumzika. Nilijiona mchawi. Ulipohamia chumba kingine nikaamini umenigundua, kwamba ulinisoma usoni siku ile na sasa unaniadhibu. Ndiyo maana sikuufuata huo mto wako. Nilidhani adhabu ni halali yangu.

(Baba, hapa niliomba ruhusa nikanywe maji. Nimerudi.)

Unaona sasa? Wewe ulikuwa unakwenda kutobolewa nyonga na kudungwa sindano mahali pa kutisha ili unirudishie kitu ambacho mimi nilimshukuru Mungu kimeondoka. Na kwa ajili hiyo ukaniua. Watu wawili waliosoma, wenye vyeti ukutani! Ungefungua mdomo mara moja tu. Au mimi. Nasema wewe kwa sababu nimekasirika, lakini andika pia mimi.

Na usifikiri nilikuwa sitaki uwe karibu. Nilitaka uniguse mgongo. Nilitaka tulale tunazungumza habari za watu. Hayo hayakuhitaji seli ya mtu.

Hii habari ya mifupa sitaisema kwa imla. Mkwe hana kosa lolote.

Nakuja Alhamisi. Jicho la pili litajua lenyewe. Binti yako alianza kunieleza habari za matone na vumbi la safari, nikamwambia baba yake anakufa, akaenda kunikatia tiketi. Usinitayarishie chumba. Mimi nina chumba. Wewe ndiye uhame.

Mkeo

*

Nyumbani, 19 Juni

Mkwe wangu,

Naandika kidogo kwa sababu nguvu ni kidogo, na kwa sababu anayenishikia karatasi anasema nimekaza kalamu kama naandika mkataba.

Alifika salama. Alishuka kwenye teksi akapapasa ukuta hadi mlangoni, akanishika mabega, kisha mbavu, akasema, "Umekwisha hivi na unaandika sijambo!" Hata mimi nilimsikia. Jirani pia.

Tunagombana sana. Anataka nile, sitaki. Anataka nieleze tena ile habari ya pampu, na nikieleza anacheka hadi anashika lile jicho, kisha ananikasirikia upya kana kwamba nimeanza leo. Jana alikaa na muuguzi wa dawa za maumivu akamhoji mpaka binti yule akaomba kiti. Zile dawa sasa nazimeza kwa wakati, nipende nisipende. Ameniuliza naogopa nini. Nikamwambia. Yeye akaniambia anachoogopa. Hatukupata ufumbuzi wowote.

Nimehama, kama nilivyoagizwa. Mwanzo tulilala tumenyooka kila mmoja ukingoni kwake, kama abiria wasiojuana. Sikujua niweke wapi mikono. Yeye akasema, "Mhandisi, unabana pumzi." Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Kwa ajili ya nini sasa?" Nikaiachia pumzi.

Baadaye akaweka mguu wake juu ya wangu. Ulikuwa wa baridi, na mzito kwa mifupa yangu ilivyo, ukaniuma. Nikamwambia unaniuma hapo. Akausogeza chini kidogo, akauliza, "Na hapa?" Hapo haukuuma. Tukauacha.

Hilo ndilo nililotaka ulijue, kwa kuwa mengine yote ulilazimika kuyaandika. Zaidi ya hapo hutaambiwa. Umeshajua kuliko inavyompasa mkwe.

Baba mkwe wako